Gari Lisilosimama Bila Kabari

Kila Jumamosi asubuhi, kabla chai haijapoa, nyumba ile ilikuwa na kazi moja: kuhesabu viti. Mama alikuwa anakodisha viti, meza na maturubai kwa watu wenye shughuli zao, na viti vya kukodisha vina tabia ya kuku. Usipovihesabu jioni, asubuhi vimepungua. Mama alihesabu, mjomba akavipandisha kwenye pikapu, bibi akakaa mlangoni na kumsahihisha kila mtu. Binti wa nyumba, mwenye miaka kumi na miwili, alikuwa na kazi yake aliyoirithi kwa dada yake mkubwa kama watu wanavyorithi sufuria. Yeye alishika kabari.

Kabari yenyewe ilikuwa kipande cha gogo kilichochongwa upande mmoja hadi kikawa chembamba. Gari lilipokaribia kusimama, binti aliruka kutoka nyuma, akakimbia, akalisukumiza gogo lake chini ya tairi. Hapo mjomba aliachia breki ya mguu polepole, gari likajiegemeza kama mzee kwenye mkongojo, na watu wakashuka. Breki ya mkono ilikuwepo, lakini kama pambo. Ukiivuta inakuja yote, ukiiachia inarudi, na gari halina habari.

Siku moja wanafunzi wenzake walimwona akiruka na gogo lake mbele ya geti la shule. Tangu siku hiyo jina alilopewa na wazazi likafa, wakamwita Kabari. Hata mwalimu wa hesabu lilimponyoka mara mbili. Binti alijifanya hajali, lakini kila akiitwa hivyo moyo ulimchoma, na akaapa kimoyomoyo kwamba siku gari lile litakapoondoka, jina nalo litapanda nyuma liende zake.

Siku hiyo ikaanza kunukia. Gari lilichemka katikati ya safari likiwa na viti sitini mgongoni, moshi wa maji ukalifunika mpaka mjomba hakuonekana. Viti vilifika shughulini wageni wakiwa wamechoka kusimama, na mama akarudi nyumbani na maneno ambayo hayaandikwi katika kitabu cha watoto. Fundi akaitwa. Alilisikiliza gari pale uani kwa dakika kumi, akatikisa kichwa, akasema injini imezeeka. Labda ifunguliwe yote, na hiyo ni kazi ya kumtoa mtu jasho na akiba.

Jioni, kwenye mkeka, kila mtu akaja na lake. Bibi alitaka gari wapewe vijana wa chuo cha ufundi walifungue na kulifunga mpaka waelewe, kwa kuwa hata gari bovu lina somo tumboni. Mjomba hakutaka kusikia. Alisema gari hilo limewalisha wote, na mtu hatupi chungu kwa sababu kimemwunguzia wali mara moja. Mama alitaka kuuza.

"Kaka yangu, wewe ukipewa punda aliyekufa utamtafutia majani," mama alisema.

"Na wewe dada utamwuza kwa bei ya aliye hai," mjomba akajibu.

Mama alikasirika kweli. Akasema yeye hajawahi kumwuzia mtu uongo, na mnunuzi atakayekuja ataambiwa kila ugonjwa wa gari, mmoja baada ya mwingine. Kabari alikuwa kwenye kona ya mkeka, akiomba mnunuzi huyo afike hata kesho.

Alifika siku ya tatu. Alikuwa mama mmoja muuza maziwa, amevaa buti za mpira, nyuma yake mapacha wa miaka minne waliokuwa wakigombea kijiti. Kabari alikuwa ametumwa kufagia uani kabla mgeni hajaingia. Alipofika kwenye tairi la nyuma akaliona gogo lake, limekaa pale kama shahidi mahakamani. Akatazama mlangoni, akatazama dirishani. Kisha akachukua gunia kuukuu, akalitandaza juu ya gogo vizuri kabisa, kama mtu anayemfunika mtoto asipate baridi.

Mama alitimiza ahadi yake. Alimweleza mgeni kwamba injini ni mzee, mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba, kioo kimoja hakishuki na taa ya nyuma huwaka ikipenda. Muuza maziwa alisikiliza, akasema safari zake ni fupi, injini mzee haimtishi.

"Kuna kingine mnachokijua ambacho mimi siwezi kukiona?" akauliza.

Mama alifikiri, akakuna kichwa. "Hapana. Nimekwambia yote."

Wala hakuwa anadanganya. Lile gogo lilikuwa limekaa katika maisha yao muda mrefu hata likawa kama viatu. Hakuna anayekwenda kwa daktari kumwambia kuwa amevaa viatu. Mjomba naye hakulikumbuka. Bibi alikuwa anasinzia. Katika ua mzima, mtu mmoja tu ndiye aliyejua ukweli ulikuwa wapi, na alikuwa ameufunika kwa gunia.

Kabari akajiambia kwamba mgeni ameuliza wakubwa, hakumwuliza yeye. Hilo likamtuliza kidogo. Lakini muuza maziwa alikuwa mtu wa maneno, akaanza kueleza jinsi atakavyolitumia gari. Alikaa juu kilimani, njia yote ni mteremko. Angesimama geti kwa geti akimimina maziwa, na mapacha wangemngoja kiti cha mbele, maana nyumbani hakuna wa kuwaangalia. Mapacha wenyewe hawakungoja kualikwa; walikuwa wamekwisha panda, mmoja anazungusha usukani, mwingine anapiga honi kwa mdomo.

Bei ikakubaliwa. Muuza maziwa akanyoosha mkono wapeane na mama, biashara iishe.

Kabari aliutazama mkono ule, akawatazama mapacha. Akaona akilini jinsi mambo yatakavyokuwa: mteremko, mama yao yuko getini na kibuyu cha maziwa, na gari linaanza kwenda bila dereva.

"Shangazi, usimpe mkono kwanza," alimwambia muuza maziwa, sauti ikamtoka nyembamba kuliko alivyotaka. "Naomba watoto washuke."

Mama akamwuliza amepatwa na nini. Kabari aliwashusha mapacha mmoja mmoja, akawasogeza mbali, akavuta breki ya mkono mpaka juu ili kila mtu aone. Kisha akaenda nyuma, akaondoa gunia, akachomoa gogo.

Gari likatulia kidogo, kama linalofikiri. Halafu likafuata mwinamo wa ua, likaanza kurudi nyuma, polepole, bila kelele, moja kwa moja kwenye rundo la viti. Mjomba alipaza sauti. Kiti cha kwanza kikalia, kikavunjika mguu. Kabari akajirusha pembeni ya tairi kama alivyofanya mara elfu, akalisokomeza gogo mahali pake, na gari likasimama.

Muuza maziwa aliwashika wanawe mabegani, akalitazama gari muda mrefu.

"Mwanangu," akasema mwishowe, "leo umenikosesha gari." Akawapapasa wanawe vichwani. "Na umeniachia watoto wangu."

Akamuaga mama kwa heshima, akaondoka na mapacha wake, buti zikilia barabarani.

Kabari alijua kitakachofuata, akaona heri akitangulie. Alisema gunia aliliweka yeye kwa makusudi, kwa sababu alitaka gari liondoke na jina lake liondoke nalo. Alisema yote akitazama vidole vya miguu yake. Kisha akangoja.

Mama aliketi juu ya kimoja cha viti vilivyosalia vizima. "Wewe umeficha kwa gunia, asubuhi moja," akasema. "Mimi nimeficha kwa mazoea, miaka saba, tena nikajisifu mbele ya ndugu yangu kwamba sisemi uongo. Sijui nimpige nani."

Mjomba akataka kucheka, akaona uso wa dada yake, akaahirisha.

Hapo bibi, ambaye kelele zilikuwa zimemwamsha, akauliza kama mgeni ameambiwa habari ya maji. Wakamwuliza maji gani. Bibi akashangaa; kwani hawajui kwamba kila alfajiri yeye hulinywesha gari jagi mbili za maji, watu wakiwa bado wamelala? Lina kiu, gari hilo. Tena anaona jagi mbili hazitoshi siku hizi.

Mama akageuka kumtazama mjomba. Mjomba akawa ghafla anachunguza kucha zake. Alipobanwa akakiri kwamba rejeta, lile tangi la maji ya kupoza injini, ina ufa, na kwamba amekuwa akiuziba kwa sabuni ya kipande. Alifikiri maji hayapungui kwa sababu sabuni yake inafanya kazi vizuri.

"Na siku alipokuja fundi?" mama akauliza.

Siku hiyo, ikaonekana, bibi alilinywesha gari kwanza, maana mgonjwa hapelekwi kwa daktari na kiu. Mjomba naye aliliosha na kupachika sabuni mpya, kwa kuwa si adabu kumwitia mtu gari chafu. Fundi wa watu akapima mgonjwa aliyeogeshwa, kunyweshwa na kupakwa manukato.

Kesho yake fundi aliitwa tena. Safari hii mama alikataza mtu yeyote kuligusa gari, hata kwa kitambaa. Kabari ndiye aliyesimama kando ya fundi na kumtajia kila kitu: maji ya bibi, sabuni ya mjomba, gogo lake mwenyewe. Fundi alipofungua boneti na kuona tone la kwanza, likafuatwa na la pili, alicheka mpaka akavua kofia.

"Mliniita nimtibu mgonjwa, mkanionyesha picha yake ya ujanani," akasema. "Injini hii haina ugonjwa wa uzee. Ilikuwa inakufa kwa kiu, na nyinyi mnaniambia imeshiba."

Alitafuta rejeta nyingine iliyotumika lakini nzima. Breki ya mkono nayo ilikuwa imekatika waya tu, waya usiozidi urefu wa mkono wa mtu. Siku mbili kazi ikawa imekwisha. Rejeta ya zamani, pamoja na sabuni yake, ikapelekwa chuo cha ufundi, na bibi akajihesabu kuwa ameshinda.

Habari zilimfikia muuza maziwa. Akaja tena, si kununua. Alitaka mjomba ampelekee maziwa kwa wateja wake asubuhi mbili kila wiki, kwa kuwa, alisema, watu waliomwambia ukweli uliowaharibia biashara anaweza kuwakabidhi maziwa yake. Mama alikubali papo hapo. Shuleni jina la Kabari halikwenda popote, maana majina ya shule hayana breki ya aina yoyote. Lakini binti alipoitwa hivyo alianza kuitika bila kununa, na wenzake, walipokosa wa kumkasirisha, wakalitumia kama jina la kawaida.

Jumamosi iliyofuata, viti vikiwa vimepakiwa, mama alimwita binti yake akae naye mbele.

"Sisi tulikaa kwenye mkeka tukabishana: tutoe, tuuze au tutengeneze," akasema. "Hatukuwa na haki ya kuchagua lolote. Kama tungetoa, tungewapa vijana gari zima kwa jina la bovu. Kama tungeuza, tungemwuzia mtu msiba. Kama tungetengeneza, tungefungua injini isiyo na kosa. Kasoro uliyoizoea haijapona, mwanangu. Wewe tu umeacha kuiona, na atakayeumia ni mgeni. Sema kweli kwanza, hata kama inakutia aibu. Ukishaisema, kuchagua ni kazi ndogo."

Binti alisema amesikia. Mjomba akawasha gari, likaitika mara ya kwanza. Bibi akawa ameshika dirisha, anauliza kama kuna mtu aliyebakiwa na siri nyingine, aseme sasa hivi, kabla hawajafika barabarani.

Mjomba akakohoa, akasema leseni yake iliisha mwezi uliopita.

Mama akazima gari, akachukua ufunguo, akashuka kwenda kumtafuta dereva.