Waya Uliopita Majivuni

Faili lilisimama tena, pale pale liliposimama jana: mstari wa kijani umekaribia mwisho, kasi imeshuka hadi sifuri, wala hakuna ujumbe wa kosa. Doniyor alikaa mbele ya kompyuta yake mpya akiutazama ule mstari. Kisha akanusa. Chumba kilinuka jivu lililomwagiwa maji.

"Nafosat," alimwita mkewe. "Umewasha tanuri?"

"Tanuri gani leo? Mkate tuliuoka juzi," mkewe akajibu kutoka barazani. "Labda ni ile kompyuta yako ya kizee inaungua. Iache ife, nayo imechoka."

Kompyuta yenyewe ilikuwa ng'ambo ya ua, katika nyumba ya zamani, kwenye chumba alichokuwa akihariria video za harusi kabla hajajenga upande huu mpya. Diski yake ilishaanza kugonga, tik, tik, kama mtu anayebisha kwa kucha. Matundu ya kuchomekea flashi yalikufa zamani. Njia iliyobaki ya kutoa kitu mle ndani ilikuwa waya wa mtandao, alioupitisha chini ya ardhi kutoka nyumba ile hadi hii.

Na kitu cha kutoa kilikuwa kimoja. Kiangazi cha mwisho wa uhai wake, mama yake, Muattar, alikaa chini ya mzabibu akisimulia, akitania na kuimba nyimbo za kubembelezea watoto, na Doniyor akamrekodi kutwa nzima kwa kamera ya kazini, bila kukata. Faili moja, kubwa kupita kiasi. Nitalinakili kesho, alisema. Mganga hajigangi: aliyehifadhi harusi za nusu ya mji wa Margilan hakuhifadhi sauti ya mama yake. Sasa mwaka wa msiba ulikuwa unatimia, pilau ya hitima ingepikwa wiki hiyo, na baba yake, Mzee Turgun, ambaye macho yake yalishafunikwa na ukungu, alikuwa ameomba jambo moja tu.

"Sihitaji kumwona," alisema. "Nimsikie akinigombeza kwamba nimemwaga chai."

Doniyor akafanya kila jambo ambalo fundi angefanya. Akakata ncha za waya, akafunga vichwa vipya. Akabadilisha ruta. Akaizuia kompyuta ya zamani isisinzie kazini. Akazima programu ya ulinzi. Faili likaenda, likaenda, likasimama. Mwishowe akatuma faili jingine lenye ukubwa ule ule, harusi ya watu asiowakumbuka hata majina, nalo likavuka ua kwa kasi kamili, likafika zima, hadi vumbi la wacheza ngoma.

Waya ulikuwa mzima. Uliyemgomea ni mama peke yake.

"Nitamkata vipande," alimwambia Nafosat. "Vidogo vidogo. Kikikwama kimoja, vingine vitakuwa vimepita."

"Hebu jisikie unavyosema."

Kipande cha kwanza kilifika. Alipokifungua aliona mzabibu, birika, kitanda cha uani na zulia lake jekundu. Sauti ya mama ilikuwepo. Kivuli chake kilikuwepo, juu ya mto. Mama hakuwepo. Kipande cha pili kilikuwa na mama, mdomo wake ukienda bila sauti, na mahali pa sauti palisikika mtu akinywa kitu cha moto taratibu, akivuta, akimeza, akivuta. Doniyor akavuka ua mbio, akaufungua ule mkanda wa asili kwenye kompyuta ya zamani, na huko nako mto ulikuwa mtupu mwanzoni, na mbele kidogo mama alikuwa bubu, na akaelewa kwamba kila alichokituma hakikupotea njiani tu, bali kilichukuliwa kwake pia, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akikikata na kukikabidhi.

Nafosat alimkuta amesimama uani, mtoto wao Robiya akiwa kiunoni mwake.

"Baba Robiya, huu waya uliuchimbia wapi?"

"Kwenye kona ya tanuri la zamani. Kwingine kote ni saruji. Pale udongo ni laini."

"Pale si udongo." Sauti yake ilishuka. "Pale ni jaa la jivu. Ulisema neno lolote kabla ya kuchimba?"

Hakusema. Tangu utotoni alifundishwa kulizunguka jivu, asilikanyage, hasa jua likizama, kwa kuwa lina wenyewe. Lakini siku ile mgongo ulimuuma, na sururu ilizama kama kwenye unga.

Alasiri Nafosat akamleta Bibi Salomat, otin wa mtaa, anayewasomesha wanawake Qurani na kuwafukiza wagonjwa. Bibi akawasha isiriki, majani makavu ya kufukizia, kwenye sufuria, akausambaza moshi ukutani, milangoni, juu ya kompyuta. Alipofika kwenye ile kona, moshi haukupanda. Ulishuka, ukatambaa, ukaingia ardhini.

Bibi akanong'ona, "Mwanangu, jivu hili alikuwa akilimwaga nani?"

"Mama. Kila asubuhi."

"Akisema nini?"

"Akiigonga ndoo. Akisema, tupisheni wenyewe, lina moto."

"Basi wamemzoea kuliko ulivyomzoea wewe. Mwaka mzima hawajamsikia, wala hawakuagwa. Wewe ukawatoboa ubavuni, kisha ukaanza kumpitisha mle mle kidogo kidogo. Wameona umewarudishia mtu wao."

"Watoe, Bibi."

"Anayetolewa ni mgeni. Hawa walikuwepo kabla ya tanuri." Akaufunika moshi kwa kiganja. "Chomoa huo waya. Kilichobaki kiache mle ndani kife kingali cha mama yako. Usiutumie tena."

Mzee Turgun, aliyekuwa amejiegemeza mlangoni, alikohoa. "Kwa hiyo nisimsikie?"

Bibi akachukua sufuria yake, akaondoka.

Jua lilipokuwa linazama Doniyor akaingia nyumba ya zamani, akauchomoa waya, na alikuwa bado ameushika mkononi, ncha yake ikining'inia hewani, haikugusa kitu, alipoona kwenye kioo mstari wa kijani ukitembea, ukitembea kwa kasi ambayo hakuwahi kuiona maishani, faili zima likienda, vipande vyote na vile vilivyokwisha kuliwa, na diski ikigonga haraka haraka kama anayebisha kwa mikono miwili, na jivu likinuka hadi likamkaa ulimini, mpaka mstari ukafika mwisho, na diski ikanyamaza, na kioo kikawa cheusi, na kutoka ng'ambo ya ua akamsikia baba yake anacheka.

Akakimbia. Mzee alikuwa mbele ya kompyuta mpya, machozi ndevuni. Kwenye kioo mama alikuwa mzima, mwenye sauti, mwenye kivuli, amekaa juu ya mto.

"Turgun, umeimwaga tena," alisema. "Unakunywa au unanawa?"

"Ni yeye," mzee akasema. "Mwanangu, ni yeye."

Doniyor akatazama urefu wa mkanda. Ulikuwa mrefu kuliko alivyorekodi, na ulikuwa ukizidi. Akaweka kidole kwenye kitufe cha kufutia.

Baba yake aliusikia ukimya wake. Akapapasa, akaupata mkono, akaushika. "Usimzike mara ya pili," alisema. "Nakuomba. Sina mwingine."

Naye Doniyor hakuwa na mwingine. Kidole kikakaa pale, kisha kikaondoka.

Mama akageuka, akaitazama kamera, au kilichokuwa nyuma ya kamera, akaanza kuimba wimbo wa kubembeleza. Kwenye sehemu ya jina la mtoto akatia jina. "Robiya," aliimba. "Njoo kwa bibi, Robiya."

Robiya alizaliwa bibi yake akiwa tayari kaburini.

"Mtoto yuko wapi?" Doniyor akauliza.

"Nimemlaza," Nafosat akasema, na alishaanza kukimbia.

Alikuwa kwenye susu yake, amefungwa mikanda kama alivyomwacha, macho wazi, anatabasamu kufuata wimbo. Nafosat akafungua mikanda, akamnyanyua, blanketi likaanguka. Robiya bado hajajua kutembea. Nyayo zake zote mbili zilikuwa zimejaa jivu, bado lina moto.