Maandishi ya Kijani ya Sihaba

"Faraji! Umenibadilishia skrini tena?"

Sihaba hata mkoba hajautua. Alisimama mbele ya kompyuta ya kampuni ya kununua kamba wa baharini, pale Kibiti, mikono kiunoni. Jana, kama kila alipochoka kuvumilia weupe, aliiacha nyeusi, maandishi makubwa ya kijani. Leo nyeupe pe, herufi nyeusi ndogo kama sisimizi.

"Nimekurekebishia," Faraji akacheka. "Karatasi nyeupe, wino mweusi. Ndivyo watu wanavyosoma."

"Watu gani? Mie si mtu?"

Msicheke jamani, ugomvi wenyewe ulikuwa wa rangi tu. Ofisi ile ilikuwa na kompyuta moja, imeunganishwa kwa waya wa simu na kompyuta kubwa iliyoko Dar es Salaam. Asubuhi Sihaba aliingiza humo kamba waliotoka Salale. Mchana Faraji aliingiza wa Nyamisati na kuagiza barafu. Kila mmoja na apendavyo, na walivyoamini wao, programu ilishika mpangilio mmoja tu. Anayeondoka mwisho ndiye mshindi, na kila siku mwisho alikuwa Faraji.

Na hao hao wawili ndoa yao ilikuwa Ijumaa!

"Kichwa kinaniuma, Faraji. Huo weupe unachezacheza machoni."

"Si nakununulia dawa ya kichwa kila mara?"

"Dawa unanipa, skrini huiachi!"

"Mambo madogo haya, Siha. Miezi yote hukusema kitu, nikajua umekubali. Kama yale mafunzo ya kompyuta kule Dar, walipopiga simu niliwaambia wakufute, usihangaike, wewe sasa unakuwa mke wa mtu."

"Mafunzo gani?"

Faraji akajiuma ulimi. Maji yameshamwagika.

"Walinichagua mie?"

"Walikuchagua. Nikaona..."

"Ukaona. Hukuniuliza."

Macho yalimjaa machozi, lakini sauti haikutetemeka.

"Sikiliza. Ijumaa baba ataingia chumbani kuniuliza kama nimeridhia. Kwetu mwari akinyamaza, wanahesabu kakubali. Mie sitanyamaza, Faraji. Utanisikia hukohuko barazani."

Akatoka.

Faraji alimpenda Sihaba, hilo hakuna mtu Kibiti angebisha. Alidhani kupenda ni kumwondolea mtu adha ya kuamua. Akavuta kiti, akairudisha skrini kuwa nyeusi, akaanza kazi ya mchana na yale maandishi ya kijani. Hajamaliza hata kamba wa boti moja, macho yanamwasha, mistari inampotea, anafikicha tu.

"Khaa! Mtu anafanyaje kazi hivi?" akajisemea.

Sihaba naye alikuwa akifanyaje, miezi yote ile, kwenye weupe usiomfaa? Faraji akajisikia vibaya kabisa. Akanyanyua simu, akampigia Kibwana, fundi wa kompyuta wa Dar.

"Hivi ndugu yangu, hii programu haiwezi kushika mipangilio miwili?"

"Weye Faraji! Hata kumi inashika. Kila mtu anahifadhi wake kwa jina lake. Mbona siku zote hukuuliza?"

Neno hilo lilimchoma.

"Na nafasi ya Sihaba kwenye mafunzo ingalipo?"

"Ipo. Nimrudishe?"

"Mrudi..." Faraji akajizuia. "Ngoja. Nimuulize mwenyewe."

Kesho yake asubuhi Sihaba aliingia bila salamu. Kwenye skrini akakuta majina mawili: FARAJI na SIHABA. Akabonyeza lake. Nyeusi, maandishi ya kijani, makubwa. Yalikuwa maneno machache tu:

SIHABA, UNATAKA KWENDA DAR KUSOMA?

Faraji alikuwa kasimama mlangoni, hasogei.

Sihaba akaandika: NATAKA.

"Nawapigia sasa hivi," Faraji akasema. "Nisamehe, Siha. Kila ulipokaa kimya mie nilisikia ndiyo, kwa kuwa ndiyo ndiyo niliyoitaka."

"Nimekusikia."

"Na ndoa? Bado unanitaka?"

"Hilo ataniuliza baba."

Akaanza kuingiza kamba wake, Faraji asipate hata tabasamu la kuondokea.

Ijumaa, baada ya sala, wanaume walijaa barazani. Mzee Abdulswamadu, baba yake Sihaba, akanyanyuka, akaingia ndani kumuuliza binti yake. Nje wazee wanasubiri kimya kile cha siku zote, watie dua, wale pilau. Bwana harusi peke yake ndiye aliyekuwa akilowa jasho ndani ya kanzu. Alitamani Sihaba aseme, na aliogopa atakachosema.

Sauti ikapasua ukuta.

"Nimeridhia, baba! Na Jumatatu naenda Dar kusoma!"

Vigelegele vikalipuka uani. Mzee Abdulswamadu akatoka anajikuna kidevu.

"Tangu nizaliwe sijaona mwari anajibu hivi. Faraji, umesikia? Amekubali, na ametaja na safari."

"Nimesikia, baba."

"Sasa?"

"Yote mawili ni yake."

Shehe akamshika mkono, akasoma, kisha akamuuliza kama amekubali kumuoa Sihaba binti Abdulswamadu. Baraza zima lingetosheka na mnong'ono. Faraji akageuza uso kuelekea mlango wa ndani, akavuta pumzi.

"Nimekubali!" akapaza sauti, ili na Sihaba asikie.