Tarumbeta Mbili

Duka la vyombo vya muziki lilifurika, na mpiga tarumbeta mwenye gauni la njano alipogeuka, mkoba wa ala yake ulimgonga kijana mmoja kifuani.

"Dada, hiyo salamu au ugomvi?"

"Samahani, kaka! Umeumia?"

"Nimeumia, ila dawa sitaki."

Kijana alikuwa fundi sauti, anatengeneza tarumbeta ya kompyuta: unabonyeza kinanda, inalia. Alimwalika studio, akamrekodi noti moja moja, kwanza kwa upole, kisha kwa nguvu. Kazi ya siku mbili ikala wiki tatu, maana walicheka kuliko walivyorekodi. Bibie akapenda, tena akapenda vibaya.

Mchana mmoja akampelekea chakula bila kumwambia. Mlangoni akaisikia tarumbeta yake ikianza taratibu, ikipanda, na hapo katikati zikalia mbili! Masikio yake hayakuwa ya kudanganywa. Kumbe yuko mwingine? Akaondoka na chakula chake, na kwa siku nne hakupokea simu.

Siku ya tano dada yake mkubwa aliinyakua ile simu. "Shemeji, njoo uyamalize. Huyu hali, halali, na mimi sipumui."

Fundi akafika mbio, shati halijapigwa pasi, kompyuta na kinanda kwapani.

"Nani uliyemrekodi apige tarumbeta pamoja na mimi?"

"Hakuna, mpenzi. Nabonyeza noti; wewe sukuma hili gurudumu la kinanda la kuongeza nguvu, polepole."

Akasukuma. Sauti ya upole ikafifia, ya nguvu ikapanda, na zilipopishana zikasikika tarumbeta mbili.

"Ya upole wewe, ya nguvu wewe. Zimeachana mno, kwa hiyo zinapopokezana zinasikika mbili. Hapo inatakiwa ya wastani."

Akarudia mara tatu. Pumzi zote zilikuwa zake. Uso ukamwiva kwa aibu.

"Yaani nimejionea wivu mwenyewe?"

Jikoni, dada mtu akaangua kicheko.

"Na hiyo ya wastani mbona hukuirekodi?" bibie akauliza.

Fundi akainamisha kichwa. "Niliibakiza kusudi. Kazi ikiisha, ningekuita kwa kisingizio gani?"

Hasira zote zikamyeyuka bibie. Akamnyoosha fundi kola.

"Noti ni ngapi?"

"Thelathini na mbili. Nilipanga tufanye moja kwa siku, na ya mwisho ikiisha, nikuombe tuoane."

"Mwezi mzima?" Akachukua tarumbeta yake, akafungua mlango. "Twende. Tunazimaliza leo."