Mke wa Msibani

Jumamosi ile soko kuu la Tabora lilikuwa limefurika, na Echati alikuwa anagombana na muuza asali. Alikuwa amechovya kidole kwenye ndoo, akakilamba, akatikisa kichwa.

"Hii umeitia sukari," alisema.

Muuzaji akaangalia kulia na kushoto kuona nani amesikia. Wote walikuwa wamesikia. Na hata wasingesikia wangemtazama tu, maana binti alikuwa amejitanda shuka la shiromani jekundu lenye maua meupe, mashavu yanang'aa kwa liwa, na lafudhi yake haikuwa ya Tabora wala ya Tanga.

"Dada, mimi nauza asali tangu hujazaliwa."

"Basi umeanza kudanganya mapema."

Watu wakacheka. Kijana mmoja aliyekuwa anapita na mkokoteni wa mizinga mipya ya mbao akausimamisha, akaja, akachovya kidole naye. Akakilamba, kisha akamgeukia muuzaji kwa upole.

"Shikamoo mzee. Huyu dada anasema kweli."

Kijana huyo ndiye Nurdini Ngassa, fundi seremala wa Itetemia, mtengenezaji wa mizinga ya nyuki. Binti alikuwa ametoka Komoro, kiwanda kimoja cha asali kimemwajiri kukagua ubora. Bibi yake huko kwao alikuwa akikamua mafuta ya maua ya mlangilangi, na pua ile kali Echati aliirithi. Kuanzia Jumamosi hiyo Nurdini akawa na safari nyingi ajabu za kupita mbele ya kiwanda, wengine kule ndani wakaacha hata kumtania. Alimwita Bi Pua. Yeye akamwita Fundi, na wiki za mwanzo hakuna aliyethubutu zaidi ya hapo.

Miezi minane baadaye walikuwa wanapigiana simu kabla ya kupiga mswaki. Ndipo kibali cha kazi cha Echati kikafika ukingoni. Aliambiwa viza mpya lazima aiombee nje ya nchi, na penye ubalozi wa Tanzania ulio karibu ni Bujumbura.

Nurdini alimsindikiza stendi asubuhi, akambebea begi mpaka kwenye kiti.

"Ukirudi nina neno nataka kukwambia."

"Sema sasa."

"Halisemwi stendi, mpenzi."

"Fundi, usipolisema sitalala."

"Basi utalala ukirudi."

Basi likaondoka kuelekea magharibi, Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Kigoma, ile njia ya zamani ya wapagazi waliokuwa wakielekea Ujiji na mizigo kichwani. Echati hakuona misitu wala mto. Aliwaza neno lile, akacheka peke yake dirishani, na kesho yake akavuka mpaka akiwa bado anacheka.

Bujumbura alipanga chumba kwa Mama Gaudensia, mjane mmoja anayefahamiana na Marcelina, bosi wake wa kiwandani. Ubalozini walipokea karatasi zake, wakampa miadi moja tu: Ijumaa, kabla ya saa sita mchana, aje kuweka alama za vidole. Asipofika, faili linafungwa na ombi linaanza upya, miezi mitatu. Marcelina alikuwa amemwambia wazi kwamba kiwanda hakiwezi kumsubiri miezi mitatu, msimu wa asali umeshaanza.

Jumanne ukaja ujumbe wa Nurdini: "Babu amefariki. Naenda nyumbani Goweko. Nitakupigia." Hakupiga. Jumatano alasiri Echati akaona haifai, mtu kafiwa, akapiga mwenyewe ampe pole. Ikapokelewa na sauti laini ya kike.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Naomba Nurdini."

"Mume wangu hayupo, yuko makaburini. We nani?"

Echati akakaa kitandani. "Mume wako?"

"Wa halali. Mwaka wa ishirini huu. Au kakwambia hana mke? Huyu mwanaume ana kovu kidole gumba, dada. Msumeno ulimpitia, akalia mpaka kituo cha treni wakasikia. Aliyemfunga kitambaa ni mimi."

Kovu lile Echati alilijua. Alikuwa amelibusu.

"Na watoto?" aliuliza.

"Wanne. Wa tano huyu nammenyea muhogo hapa."

Echati akakata simu, akaizuia namba ile isiingie tena, akalia mpaka mto ukalowa. Sasa alijua ni kwa nini Nurdini hajawahi kumpeleka Goweko hata siku moja. Sasa alijua na neno lenyewe lisilosemwa stendi. Alimpigia shangazi yake Moroni, shangazi akasema mwanangu, rudi nyumbani, na hilo la vidole waachie wenyewe.

Msomaji wa Unyamwezini ameshacheka zamani. Echati hakuwa na mtu wa kumweleza. Wanyamwezi waliposhuka pwani na mizigo enzi za misafara walipokelewa na Wazaramo, wakauguzana, wakazikana, na toka hapo ni watani. Mtani akija msibani kwako hakuna anayemzuia. Atavaa koti la marehemu, ataigiza alivyokuwa akikohoa, atashika mali yako na kukataa kuirudisha mpaka uikomboe, na wewe hukasiriki. Bi Mwanajuma alikuwa Mzaramo aliyeletwa Goweko na mume mfanyakazi wa reli miaka mingi iliyopita. Msiba wa babu yake Nurdini, Mnyamwezi, ulikuwa uwanja wake. Siku ya mazishi aliichomoa simu ya Nurdini mfukoni, akatangaza haitoki bila jogoo.

Nurdini, macho mekundu kwa kilio, alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo na kumwachia. Hakujua kama simu imelia.

Ijumaa asubuhi, hitma ikiwa imeshasomwa, alileta jogoo akapewa simu yake. Akaichaji kwa jirani, akaiwasha, akaona Echati alipiga Jumatano na wakaongea dakika tatu.

"Bibi, uliongea na nani kwenye simu yangu?"

"Na mwanamke mmoja. Nikamwambia mimi ndiye mkeo, tuna watoto wanne." Bi Mwanajuma akacheka mpaka akashika kiuno. "Akakata. Mkali huyo?"

"Bibi, huyo ndiye niliyekwambia. Echati."

"Si Mnyamwezi?"

"Mkomoro."

"Wakomoro watani wao nani?"

"Sijui kama wanao."

Kicheko kikamwisha Bi Mwanajuma. Akaketi kwenye kigoda, koti la marehemu bado limemning'inia mabegani. "Mungu wangu. Nimekuvunjia nyumba ambayo hujaijenga. Piga, nimwambie mwenyewe."

Nurdini akapiga. Haikuingia. Akapiga tena, hali ileile. Ndipo akamkumbuka Marcelina, na Marcelina akampa namba ya Mama Gaudensia.

Saa tano na dakika kumi Mama Gaudensia akagonga mlango, akamkuta Echati anafunga zipu ya begi.

"Kuna bibi kwenye simu analia. Anasema ni mke mwenzako."

Echati alitaka kukataa. Lakini sauti ilikuwa imeshaanza kutoka kwenye spika, ileile laini. "Mwanangu, usikate. Mimi ni mtani wake, kazi yangu msibani ni mizaha. Yule si mume wangu, ni mjukuu wangu wa utani, nimemwona akitambaa."

"Shikamoo," Echati alisema kwa ubaridi. "Mtu anaweza kusema lolote kwenye simu."

"Marahaba. Basi ngoja, nakutumia picha."

Picha ikafika. Bikizee wa miaka sabini na moja, mapengo matupu, koti la kiume limegeuzwa nje ndani, mguu mmoja kiatu mwingine kandambili, kamkumbatia jogoo. Pembeni yake Nurdini, macho yamemvimba, amejaribu kutabasamu ikamshinda.

"Echati." Sasa ilikuwa sauti yake. "Mwaka wa ishirini wa ndoa, na mimi nina miaka thelathini. Nilioa nikiwa darasa la tatu?"

Kicheko kikampanda Echati kutoka tumboni, kikachanganyika na machozi, akashindwa kusema. 

"Pole ya babu, mpenzi," alisema alipoweza. "Nisamehe, sikukupa pole."

"Asante. Vidole umeweka?"

Echati akaangalia saa. Tano na dakika ishirini na tano.

Hakuaga. Mama Gaudensia alimwitia pikipiki, na shiromani likapeperuka mitaa yote ya Bujumbura huku yeye akimgonga dereva mgongoni aongeze. Alifika mlango wa ubalozi saa sita kasoro dakika nne. Karani alimtazama alivyo, macho yamevimba, anacheka, akampa tishu kabla ya kumpa karatasi.

"Vidole vikauke kwanza, dada."

Wiki iliyofuata, asubuhi, basi la Kigoma likaingia stendi ya Tabora. Nurdini alikuwa amesimama na kanzu iliyopigwa pasi. Bi Mwanajuma alikuwa ametoka Goweko kwa treni makusudi, safari hii viatu vyote viwili.

"Mke mwenzangu," Echati akamwita toka mlangoni mwa basi, "miaka ishirini umekaa naye. Inatosha."

Bikizee akapiga makofi kwa furaha. "Kashajifunza huyu. Hebu leta hiyo viza niione." Echati akampa pasipoti. Bi Mwanajuma akaifungua, akautazama muhuri, akaifunga, akaitumbukiza kifuani. "Imeshikwa. Haitoki mpaka useme ndiyo."

"Bibi, hapa stendi," Nurdini alinong'ona, jasho linamtoka. Akamgeukia Echati, akakohoa. "Lile neno langu…"

"Ndiyo," Echati alisema.

"Sijauliza bado."

"Uliza taratibu nyumbani. Mimi nataka pasipoti yangu."

Bi Mwanajuma akaitoa, ikiwa na joto, akamwekea mkononi.