Neno Lililofika Asubuhi

Nesi Perpetua alichanwa mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, saa mbili asubuhi, akiwa ameketi kitini darasani na hakuna aliyemgusa. Alipiga ukelele, akatapika kwenye ndoo, kisha akautazama mkono wake usio na jeraha na kutamka bila kukosea: "Lacerate."

Kofia-maana aliyokuwa ameivaa haikumkaririsha mtu. Iliingiza neno la Kiingereza mwilini, na lililoingia mwilini halisahauliki. Aliyetaka kazi katika miji ya angani alipaswa kujua maneno magumu elfu tatu, hivyo jijini Tanga watu wazima na akili zao walipanga foleni kuumizwa. Mhandisi Mwantumu Semboja, aliyeibuni kofia hiyo, hakuona tatizo. Orodha ya maneno aliiandika mwenyewe, kwa alfabeti, na maumivu, alivyoambiwa, yalitungwa na kompyuta.

Neno lililofuata lilikuwa "pummel." Perpetua aliivua kofia kabla halijaisha.

"Mhandisi, samahani. Humu ndani kuna mtu anaita, 'Dada Mwantu.'"

Mwantumu akaivaa. Ngumi zikamshukia mfululizo; alimeza jino. Alipoinua mkono kujikinga, aliona mkono wa kushoto usio na kidole cha mwisho, kile kilicholiwa na mashine ya mkonge. Ulikuwa mkono wa Shekue, mdogo wake, aliyeaga mwaka jana kwamba amepata kazi ya kurekodi huko angani.

Alipanda mbio hadi kwa mkurugenzi Kibwana.

"Kompyuta haijawahi kupigwa, itajuaje?" Kibwana alisema kwa upole. "Kijana alisaini mwenyewe. Na huko juu sheria za duniani hazifiki."

"Wamefika neno gani?"

"Wanafuata orodha yako, na kila neno jipya hufika hapa papo hapo linapotendwa. Leo asubuhi ni 'strangle.' Baada ya hapo tutatafuta mtu mwingine."

Mwantumu hakukumbuka kuinua kiti. Alikumbuka tu Kibwana akiwa sakafuni, damu ikimtoka sikioni.

Aliporudi darasani, taa ya kofia ilikuwa imewaka kijani: neno jipya limefika. Perpetua alikuwa ameshanyoosha mikono kuichukua, maana mtihani wake ulikuwa kesho.

"Hili si lako, dada," Mwantumu alisema, akaiwahi yeye.

Maana yake aliijua tangu shuleni: kunyonga. Alikaa kitini, akaivaa kofia, ili Shekue asife peke yake.