Sinia la Wageni

Nyumbani kwa Bimdogo, mtaa wa Gongoni, mgeni hakuondoka bila kahawa na maandazi. Ndivyo alivyolelewa. Tabora nzima ilijua kwamba ukiketi barazani kwa Humaidi, mumewe, sinia litakuja tu.

Lakini hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa, na wateja walikuwa wamehamia duka la ushirika. Duka la Humaidi lilibaki na chumvi na viberiti. Unga wa ngano nao ulikuwa wa kutafuta kwa tochi. Kila alfajiri Bimdogo alikaanga maandazi machache, akayafunika kwa kawa, akayaweka kwa ajili ya wageni. Binti yake, Thuraya, alikunywa chai tupu akaenda shule.

Shuleni kulikuwa na utaratibu mpya. Asubuhi watoto wote wakimbie mchakamchaka, kisha wanywe uji wa mahindi uliotiwa karanga za shamba la shule. Kila nyumba ilete unga. Asiye na unga aje kukoroga uji kwa zamu.

Bimdogo aliposikia hayo aliguna. Mwanawe apange foleni na bakuli? Na yeye aonekane na mwiko, mji mzima ujue hana unga? Thubutu! Akaenda kwa Mwalimu Katarina, msimamizi wa afya ya watoto pale shuleni. Akamwambia kwamba Thuraya ana ugonjwa wa moyo, asikimbie. Uji pia asipewe, kwao anakula vizuri. Aliutoa uongo huo bila kupepesa macho. Usimcheke. Wangapi tunaficha njaa ya nyumbani kwa nguo safi?

Basi wenzake walipokimbia, Thuraya alikaa kizingitini. Walipokunywa uji, alitazama pembeni. Siku moja, katikati ya somo la hesabu, akaanguka.

Mwalimu Katarina alimpeleka zahanati, kisha akamrudisha nyumbani mwenyewe. Bimdogo alishtuka sana. Hata hivyo mazoea yana nguvu: alimkaribisha mgeni mkekani, akaleta sinia.

Kabla mgeni hajanyoosha mkono, Thuraya alichukua andazi. Akalila upesi, akachukua la pili. Bimdogo alimkata jicho. Mtoto hakuliona jicho lile, kwa sababu alikuwa anatafuna huku analia.

Aibu ilimpanda Bimdogo mpaka masikio yakawaka moto. Kwanza alimwonea aibu mtoto. Kisha akautazama ule mkono ulioshika andazi, jinsi ulivyokonda, na aibu ikamrudia mwenyewe.

"Mama Thuraya," Mwalimu alisema polepole, "mganga amempima. Moyo wake ni mzima. Mtoto ana njaa, na damu imempungua."

Bimdogo aliinamisha macho. "Nilikudanganya, Mwalimu. Niliona aibu kuonekana nakoroga uji."

Mwalimu hakumgombeza. Alimweleza kwamba chai tupu haijengi mwili, na mwenye njaa hashiki somo hata afundishwe na nani. Mahindi humpa mtoto nguvu, karanga humjenga, na maharage na mchicha husaidia kuongeza damu. Mchakamchaka nao si adhabu. Hukaza misuli, huimarisha moyo na mapafu, na mtoto huchangamka darasani. Lakini Thuraya asianze na mbio. Ale kwanza, apate nguvu, atembee, ndipo akimbie. Utaratibu ule uliwekwa kwa watoto wote ili asiwepo wa kuonewa huruma wala wa kufichwa.

Jumatatu Bimdogo alivaa buibui lake akaenda zamu. Njiani aliona kila dirisha linamtazama. Jikoni alimkuta Shilinde, mama aliyezoea kumletea kuni barazani. Shilinde alimwamkia, akampa mwiko, akamwonyesha kukoroga kutoka chini ili uji usishike. Hakuuliza neno. Bimdogo akakoroga.

Watoto wakaja na bakuli zao. Zamu ya Thuraya ilipofika, mama yake alimjazia mpaka pomoni.

"Mama," Thuraya alinong'ona, "nipimie kama wenzangu."

Aibu ikamshika upya. Akarudisha nusu upawa sufuriani.

Mvua zilipokwisha, Thuraya alikuwa amenawiri. Kwenye mchakamchaka alikimbia mstari wa mbele akiongoza nyimbo, na darasani hakusinzia tena. Bimdogo hakukosa zamu yake hata Humaidi alipopata unga.

Jioni moja Mwalimu Katarina alipita kuwajulia hali. Bimdogo alileta sinia. Juu yake palikuwa na dele la kahawa na vikombe, basi. Mama yake mzazi angeona angezimia. Aibu ilimchoma kidogo, lakini safari hii hakuinamisha macho.

"Niwie radhi, Mwalimu," alisema. "Maandazi hakuna. Wenyewe wamekula."