Mahali Theluji Haikai

Theluji ilikuwa imefunika kila kitu katika mtaa wa Vårby gård, magari, baiskeli, mpaka kamba za kuanikia nguo, isipokuwa duara moja dogo nje ya mlango wa nyuma wa nyumba ya Oduor, walikofikia. Hapo nyasi zilikuwa wazi, kijani kabisa, na mvuke mwembamba ukipanda. Milcah aliliona asubuhi ya kwanza, na mumewe Kiprono akasema ni bomba la maji moto linapita chini ya ardhi, nyumba za huku ndivyo zinavyopashwa joto, asianze. Basi hakuanza. Lakini aliona kwamba hata ndege hawakutua pale, na kwa baridi ile ndege wangetua hata juu ya jiko.

Walikuwa wamekuja Stockholm kula Krismasi. Huko kaskazini wanakoishi, mji wenye kiwanda kimoja na duka moja, walikuwa Wakenya peke yao, na Milcah alikuwa amechoka kushinda ndani na mtoto mchanga akiongea na ukuta. Oduor, rafiki wa Kiprono tangu chuo, alikuwa ameenda Kisumu kwa mama yake, akawaachia ufunguo. Eve, binti yao wa miaka sita, alipelekwa mjini kuona taa na kuteleza kwenye barafu, akarudi mashavu yamewiva, akisimulia yote kwa Kiswidi kama kawaida yake, maana Kiswahili alikisikia tu, hakukisema. Mdogo wake Ronny, ambaye hata kukaa alikuwa bado hajaweza, mchana alilazwa nje ndani ya kigari chake, amefungwa blanketi na ngozi ya kondoo, vile manesi wa huku wanavyofundisha akina mama. Bibi yake alipoona picha kwenye simu aliuliza kama wamemfukuza nyumbani.

Shida ililetwa na jogoo. Kiprono hakutaka kuku wa plastiki wa dukani, akaenda hadi Jordbro kwa mzee mmoja Mswidi anayefuga, akarudi na jogoo amechinjwa lakini ana manyoya yake yote. Milcah akachemsha maji kwenye sufuria kubwa, akamtumbukiza, akamtoa, na jikoni kukanuka ile harufu ya manyoya mabichi ambayo kwao ndiyo Krismasi yenyewe. Sasa maji yale, bado yanafuka moshi, yamejaa manyoya, atayamwaga wapi? Kwenye sinki la watu yangeziba. Kwenye theluji yangeganda yawe kioo, Eve aanguke. Akafungua mlango wa nyuma akayamwaga pale penye nyasi.

Kitu kililia.

Mlio mwembamba, wa mtoto aliyeshtuliwa usingizini, na Milcah akaangusha sufuria akakimbilia kigari akijua ni Ronny. Ronny alikuwa amelala, ngumi shavuni. Mlio uliendelea chini ya ardhi, ukienda mbali, kama mtu amembeba mtoto anakimbia naye.

Walikula Krismasi yao, wakaimba, wakapiga simu nyumbani, lakini ile harufu ya manyoya haikutoka. Walifungua madirisha mpaka pua zikauma. Kesho yake ilikuwa imegeuka, si manyoya tena, ni ngozi iliyoungua. Jioni Milcah akaandaa maji ya kumwogesha Ronny, akayapima kwa kiwiko, yalikuwa vuguvugu, na vidole vya miguu vya mtoto vilipoyagusa tu maji yakaanza kutokota, mapovu makubwa, beseni likatetemeka. Alimnyakua. Kiprono akaja akatia mkono mzima, vuguvugu. Akamwambia kwa upole amechoka, anyonyeshe alale.

Siku iliyofuata, saa tisa mchana na giza limeshaingia kama kawaida ya Desemba huku, Milcah alichungulia kwenye kioo cha mlango wa nyuma kumtazama mtoto, akaona kigari kinabembea, taratibu, mbele na nyuma, na hapakuwa na upepo wala mtu, na theluji yote kuzunguka magurudumu ilikuwa imeyeyuka, na kutoka kwenye lile duara mpaka kwenye kigari palikuwa na nyayo, nyayo za mwanamke asiye na viatu, kila unyayo umezama hadi kwenye nyasi na unafuka mvuke, zinakwenda na hazirudi, na alipoufungua mlango na kushika mpini wa kigari ulimwunguza kiganja kama mpini wa kikaango, na Ronny ndani alikuwa amefumbua macho, mwekundu, jasho linamtiririka, anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya mama yake.

Kiprono aliziona nyayo. Hakusema tena habari ya bomba. Alitaka wafungashe saa ile ile, lakini kwanza alipanda ghorofa ya juu kumwita Bi Zuri, mwanamke wa Tanga ambaye Oduor alimsifu kwamba huwasomea watu dua, na ambaye siku walipofika aliwaletea haluwa akiwatania kwamba wamekonda kama miti ya kaskazini. Bi Zuri alifika mlangoni, akavuta pumzi mara moja, na utani ukamtoka usoni. Aliuliza nini kimemwagwa. Milcah akamweleza.

"Nyinyi watu wa bara," alisema polepole. "Bismillahi hamna, sawa. Hata jina la huyo Yesu wenu hukulitaja? Kwetu maji ya moto huyamwagi mpaka umewatahadharisha majini."

"Ni bomba tu pale, mama," Kiprono alinong'ona.

"Bomba lina joto, baba. Nani hapendi joto kwenye baridi hii?"

Kuhusu kufungasha akasema haisaidii, huyu hafuati nyumba, anafuata mtoto. Aliwakalisha chini sebuleni, akazima taa, akawasha udi, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Moshi haukupanda. Ulilala sakafuni, ukaenda moja kwa moja hadi kwa Eve aliyekuwa ameketi mbele ya televisheni. Mtoto akageuka. Na Eve, ambaye hajawahi kuunga sentensi ya Kiswahili, alikisema kama mwanamke mtu mzima.

"Wake analala. Wangu amechubuka mgongo mzima, hana upande wa kulalia."

"Mama mwenzetu," Bi Zuri alisema, "huyu hakukusudia."

"Na mimi nitamwaga bila kukusudia. Mtoto kwa mtoto. Sitaki zaidi."

Milcah alikuwa ameshapiga magoti, amepandisha mkono wa sweta, analia, anasema achomwe yeye, huu hapa mkono, birika liko jikoni, achukue mikono yote miwili. Eve aliutazama ule mkono kama mtu anayeoneshwa nguo mbovu sokoni.

"Kwani aliyechomwa ni mimi?"

"Lakini yu hai?" Milcah aliuliza. "Wako yu hai?"

Kwa mara ya kwanza sauti ilishuka. "Anataka kunyonya. Maziwa yangu ni moto, yanamwunguza kinywa."

"Nipe mimi. Nitamnyonyesha."

Bi Zuri alimshika bega kwa nguvu asimalize, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Eve akatabasamu, tabasamu pana, la mtu aliyepata zaidi ya alichokuja kudai. Harufu ikakatika papo hapo. Mtoto akalala pale pale kwenye zulia, na alipoamka aliomba biskuti za tangawizi, kwa Kiswidi.

Bi Zuri alikusanya vitu vyake bila kumtazama Milcah. "Aliyeingia kwa nguvu ningemtoa," alisema. "Uliyemkaribisha mwenyewe, mimi simwezi."

Uzito ulikuja mapajani mwa Milcah jioni ile ile. Mdogo, wa joto. Kinywa kikatafuta ziwa la kushoto, kikashika, na Milcah akauma mto. Lakini maji ya Ronny yalikaa vuguvugu, ngozi yake ikapoa, akacheka, na Milcah akaona bei hii anaiweza. Siku zikapita, fataki za mwaka mpya zikapigwa. Alianza kumzoea yule wa pili. Alijua pumzi zake. Chini ya kiganja aliusikia mgongo ule, uliokuwa umevimba na kuchubuka, unapona, unalainika, na alijikuta anaubembeleza kwa nyimbo ambazo Ronny hajawahi kuimbiwa. Maziwa hayakutosha wawili. Kiprono akanunua ya kopo, akawa anamlisha Ronny yeye, kwa chupa, usiku na mchana.

Walirudi kaskazini kwa treni. Behewa lilijaa, madirisha meupe kwa barafu, na Ronny alilia tangu wanaondoka, analia anamnyooshea mama yake mikono, anajikunja, sauti imekauka. Kiprono alisimama naye, akamtembeza, akarudi.

"Mama Eve, mchukue. Anakutaka wewe."

Milcah aliinua macho. Aliwatazama, mwanamume aliyechoka na mtoto mwekundu usoni, akajaribu kukumbuka kama aliwaona stesheni. Kisha akalivuta blanketi vizuri juu ya mapaja yake matupu.

"Tafadhali punguzeni sauti," alisema. "Mtaniamshia mtoto."